Je, wajua kwa nini mizoga ya Ziwa Natron haiozi?

Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa picha za ndege na popo waliokufa kando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, wakiwa wamekauka kama sanamu. Uvumi ukaenea kwamba ziwa hilo humgeuza jiwe kila anayeligusa. Si kweli. Heroe wadogo hutaga na kulea makinda humo humo. Wale wa pichani Brandt aliwaokota wakiwa mizoga, akawaweka mwenyewe wakae kama wazima.

Kilichowakausha ni magadi. Kuoza ni kazi ya bakteria na vimeng'enya, na bila maji vyote hukwama. Chumvi na magadi hufyonza maji mwilini. Magadi, zaidi ya hapo, hugeuza mafuta kuwa kitu kama sabuni, na ukali wake huwazuia bakteria wengi kuzaliana. Wamisri wa kale waliyachimba Wadi Natrun, bonde la huko Misri, wakahifadhia wafu wao, hata paka na mamba. Mwili wa mtu ulikaa ndani ya magadi siku 40 hivi.

Mnyama mdogo hahitaji muda huo, kwa sababu maji hayana safari ndefu kutoka mfupani hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana anayejifunza kukausha mizoga hivi huanza na mnyama mdogo. Mimi ningeanza na samaki wa sokoni asiyezidi kiganja. Hana mvuto, najua, lakini hana kesi wala tauni. Panya uliyemkuta amekufa muache: viroboto wake huweza kubeba tauni, ugonjwa uliosumbua Lushoto kwa miaka mingi kuanzia 1980. Na ndege wa porini, hata manyoya yake tu, yaweza kuhesabiwa kuwa nyara za serikali. Tanzania na Kenya zote zina sheria kali juu ya hilo.

Vaa glavu. Pasua tumbo utoe matumbo yote, maana bakteria wamo humo tangu mnyama akiwa hai na uozo huanzia hapo. Osha, futa hadi pakauke. Changanya chumvi na magadi soda nusu kwa nusu, jaza tumboni na mdomoni, kisha mfukie samaki kabisa ndani ya chombo. Siku chache za kwanza mchanganyiko utalowa na kugandamana. Umwage, weka mwingine. Wengi huharibu hapa kwa kuona uchungu kutupa chumvi. Endelea kubadilisha hadi mwili uwe mgumu na mwepesi, usiobonyea kwa kidole.

Harufu kali ya uozo ikitoka, tumbo halikusafishwa vizuri: tupa, anza na mwingine. Aliyekauka mpanguse kwa brashi, bila maji, umtie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Mombasa au Dar es Salaam hilo ni la lazima, kwani chumvi iliyobaki mwilini hunyonya unyevu wa hewani na samaki hulainika upya.