Dar mpaka Njombe na familia, simu pembeni: dhana potofu za mavazi na ukweli wake

Juni shule zikifungwa watu wengi wa Dar wanapanda Nyanda za Juu Kusini kusalimia bibi na babu, na kila mwaka ni yale yale, watu wanavaa kwa ajili ya stetasi, sio kwa ajili ya barabara. Ukiamua simu ikae pembeni hata begi unapanga tofauti.

"Dar joto, tuvae vyepesi, masweta yapo kwenye begi." Begi lenyewe liko wapi? Chini kabisa ya buti, juu yake kuna mchele na ndoo. Njombe iko kama mita 2,000 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, piga hesabu mwenyewe. Halafu njia yenyewe inakuzuga, Ruaha Mbuyuni pale kwenye vitunguu unatoka jasho, mkimaliza kona za Kitonga mkashusha kioo ni kaupepo kengine kabisa, na Mafinga jioni hapo meno yanagongana. Sweta likae kwenye siti, karibu na mkono.

Kwa hiyo mtoto avalishwe koti zito toka mwanzo? Hapana. Koti la sponji mkanda unaonekana umembana mtoto kumbe umebana koti, gari likigonga, sponji linasinyaa na mkanda unabaki umelegea. Funga mkanda juu ya nguo nyepesi, blanketi juu yake.

Sasa hii ya suruali ya jinsi ya kubana na raba mpya kisa picha ya Kitonga. Ukikaa masaa mengi miguu inavimba, misuli haifanyi kazi kwa hiyo damu inapanda kwa shida, raba iliyokutosha Kimara, ukifika Iringa inakuuma. Na kuchimba dawa je? Dada yangu wewe, jinsi imeng'ang'ania, mkanda haufunguki, dereva anapiga honi. Ila dera la kuburuza nalo usidanganyike, vyoo vya njiani chini ni maji matupu. Gauni la kuishia kwenye kigimbi, kandambili, na khanga moja begani, hiyo ndio pazia, ndio shuka, ndio taulo.

Wengine wanadhani kujitoa mitandaoni ni kuzima simu au kufuta akaunti. Zima data tu bwana. Kupiga, meseji, kutuma hela kwa *150*00# ya M-Pesa, vyote havitaki bando la intaneti. GPS nayo inasoma satelaiti, ramani ukiipakua nyumbani inafanya kazi porini.

"Watoto bila tableti watatusumbua." Mara nyingi tableti ndio inawatapisha, macho yanaona kitu kimetulia huku sikio la ndani linasikia gari linayumba, ubongo unachanganyikiwa. Waangalie nje, Mikumi barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50, wahesabu twiga na pundamilia. Ila kushuka kupiga selfi na tembo, marufuku.

Kuposti laivu mko wote safarini ni kutangaza nyumba iko tupu, posti mkirudi.

Na dereva anayesema yeye simu lazima aishike kwa sababu ya ramani, ramani ya nini kaka? Msamvu pale Morogoro unaiacha ya Dodoma, Makambako unakunja kushoto, basi.