Ushawishi wa wanafunzi serikalini: maana yake na unavyofanyika

Ushawishi wa wanafunzi ni kazi ya kulifikisha dai la wanavyuo kwa mwenye mamlaka ya kulitekeleza, na kulifuatilia mpaka liingie kwenye sheria, kanuni au bajeti. Serikali ya wanafunzi hushughulika zaidi na mambo ya ndani: malazi, chakula, ratiba za mitihani. Mikopo, ruzuku na mara nyingi hata ada huamuliwa nje ya geti la chuo, wizarani na bungeni. Ndiyo maana vyama vya vyuo huungana kuwa shirikisho la taifa. La Uingereza, National Union of Students, lipo tangu 1922.

Kazi huanza kwa kulibana dai. "Serikali iboreshe mikopo" halimbani yeyote. "Fedha za kujikimu ziingie kabla ya wiki ya pili ya muhula" hujibiwa ndiyo au hapana. Kisha atafutwe mwenye kalamu. Wengi huandikia mkuu wa nchi, barua ikashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa ofisa ambaye wangeweza kumwona siku ya kwanza. Muda nao una hila zake: bajeti ikishasomwa bungeni, nafasi ya kuongeza fungu ni finyu mno. Dai lifike wizara inapoandaa makadirio, miezi kadhaa kabla.

Kikao na mbunge kipangiwe dakika 15 au 20. Watu watatu wanatosha: mmoja aeleze dai, wa pili aseme lilivyomgusa, wa tatu anukuu kila ahadi. Mkononi wawe na ukurasa mmoja tu: dai, idadi ya wanaoguswa, gharama, na fedha zitakakotoka. Kipengele cha gharama ndicho hurukwa, na ndicho huulizwa kwanza. Kesho yake itumwe barua fupi ya shukrani inayozitaja ahadi zile moja moja. Bila hiyo, ahadi husahaulika kabla kiti hakijapoa.

Na maandamano je? Huufungua mlango, ila hayaandiki kanuni. Afrika Kusini, wanafunzi walipopinga ada kupanda, Rais Jacob Zuma alitangaza tarehe 23 Oktoba 2015 kwamba ada za 2016 zisingeongezwa. Uamuzi huo ulihusu mwaka mmoja, na mwaka uliofuata vurugu za ada zilirudi. Chile ilichukua njia ndefu zaidi: baada ya maandamano ya 2011, baadhi ya viongozi wake, akiwemo Camila Vallejo na Gabriel Boric, walichaguliwa wabunge 2013, na masomo bila ada kwa wanafunzi wa kipato cha chini yakaanza 2016.

Miaka mitano! Wengi walioanza kudai 2011 walikuwa wameshahitimu. Huo ndio udhaifu mkubwa wa ushawishi huu: uongozi hubadilika kila mwaka, na ofisa asiyetaka kutekeleza anachohitaji ni kusubiri tu. Kinga yake ni faili la makabidhiano lenye nakala za barua zote, majina ya maofisa, nani aliahidi nini na tarehe gani. Katibu anayetoka na anayeingia wakae pamoja walau mwezi mmoja, waende kikao kimoja wizarani pamoja, na nywila ya barua pepe ya chama ikabidhiwe kabla ya mahafali.