Kubandika vinia kwenye kabati: gundi nyeupe na pasi ya nguo vinatosha

Mlango wa kabati ukibandikwa vinia, yaani tabaka jembamba la mbao halisi, upande mmoja tu, utapinda. Vinia hunywa unyevu wa gundi na wa hewa ikavimba, kisha ikikauka husinyaa na kuuvuta ubao. Kwa hiyo mlango wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) wa milimita 18 huubandika mbele na nyuma. Nyuma si lazima iwe mninga. Vinia ya bei nafuu inafaa, mradi unene uwe uleule na nyuzi zielekee upande mmoja na za mbele. Mbavu za kabati zilizokwisha kufungwa pamoja na rafu hazipindi kirahisi, hapo upande wa nje unatosha.

Mafundi wengi hukimbilia gundi ya kontakti, ile ya mafundi viatu, kwa kuwa inashika papo hapo. Kwa kazi ya nyumbani siipendekezi hata kidogo. Ikigusana haikupi nafasi ya kurekebisha, mvuke wake unashika moto, na thina ya vanishi inaweza kupenya vinia ikailegeza, mapovu yakaota. Nunua gundi nyeupe ya mbao, PVA ya kawaida.

Piga ubao msasa namba 120, ziba mashimo, futa vumbi lote. Rangi ya zamani ikwanguliwe mpaka mbao ionekane, la sivyo gundi haitapata pa kushika. Kata vinia ikiwa imezidi ubao kwa sentimita moja kila upande. Paka gundi kwenye ubao na mgongoni mwa vinia, tabaka jembamba lisiloruka mahali. Vinia itajikunja, inyunyizie maji kidogo upande wa pili, itanyooka. Kisha subiri. Weupe wa gundi ukishatoweka na kidole hakinati tena, iko tayari. Kingo za MDF hunywa sana, kwa hiyo zipake mara mbili.

Anza na kingo, ndipo ufuate uso, ili kiungo kisionekane ukisimama mbele ya kabati. Pasi iwe kwenye joto la pamba, bila mvuke. Toka katikati kwenda nje polepole, mkono mwingine ukifuata kwa kipande cha mbao, ukigandamiza mpaka papoe. Joto ndilo linaloyeyusha gundi, lakini kinachoshikisha ni kule kupoa chini ya mgandamizo, na hapa ndipo watu wengi huharakisha.

Gonga uso wote kwa kucha. Panapolia uwazi, rudia pasi. Povu likikataa, pasua kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, weka karatasi juu, piga pasi.

Ziada ikate kwa kisu kikali, kisha msasa namba 180 uliozungushiwa kibao. Mashine ya msasa iweke mbali: vinia nyingi za siku hizi zina unene wa kama nusu milimita, na pembe hutoboka kwa mpito mmoja. Vanishi ipake kesho yake, baada ya kuijaribu kwenye kipande kilichobaki.