Ndege ya doria ya baharini ni nini?

Mtu akisikia "ndege ya jeshi la majini" huwaza ile ya kivita inayoruka kutoka juu ya manowari kwa mbio na kishindo. Ndege ya doria ya baharini ni kitu kingine kabisa. Haina haraka. Sifa yake kubwa ni kukaa angani saa nyingi ikichunguza maji: inatafuta nyambizi kwanza, halafu meli za kutiliwa shaka, na mara nyingine manusura wa ajali.

Pwani yetu iliwahi kuzijua vizuri. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ndege-boti aina ya Catalina za Waingereza zilikuwa zikielea Kipevu, Mombasa, na nyingine Dar es Salaam, zikiruka kulinda misafara ya meli. Tarehe 20 Agosti 1943 ziliifumania nyambizi ya Kijerumani, U-197, kusini mwa Madagaska. Catalina ya kikosi cha 259 iliijeruhi, ya kikosi cha 265 ikaja kuizamisha. Lakini bahari ni pana. Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliipiga topido meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Zamani kazi hii ilitegemea sana macho na rada. Ila rada haipenyi maji, na nyambizi ya leo inaweza kukaa chini muda mrefu sana. Kinachosafiri vizuri majini ni sauti. Kwa hiyo ndege hudondosha maboya ya kusikilizia. Kila moja ni bomba jembamba, urefu wa sentimita 90 hivi. Likigusa maji, sehemu yenye antena hubaki ikielea, na kinasa sauti hushuka kwa waya mpaka kina kilichopangwa. Mlio wa injini au rafadha za nyambizi unapandishwa kwa redio hadi ndani ya ndege, ambako mtu aliyevaa vipokea sauti anakodolea macho mistari kwenye skrini. Boya moja halitoshi. Humwagwa mengi kwa mpangilio, kama mvuvi anavyotandaza nyavu, na hayarudi kuokotwa: muda wake ukiisha, linajizamisha.

Ndege mbili ndizo maarufu. P-3 Orion ya Marekani, yenye injini nne za rafadha, ilianza kazi mwaka 1962. Marubani wake walizoea kuzima injini moja wakiwa doria ili kubana mafuta. Iliyoirithi, P-8 Poseidon, imetokana na Boeing 737. Ukiiona kwa mbali utadhani inapeleka watalii Zanzibar.

Sasa, kikosi. Marekani vikosi hivi viko chini ya jeshi la majini na huandikwa VP: V ni alama ya zamani ya ndege zenye mabawa, P ni doria. Uingereza viko chini ya jeshi la anga, jambo linalowachanganya wengi. Kikosi si ndege. Ni marubani, wasikilizaji, mafundi na namba yao. Kikosi cha 120 cha Uingereza kiliwinda nyambizi kwa ndege za Liberator, baadaye za Shackleton, kisha za Nimrod, kikavunjwa mwaka 2011, kikafufuliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Poseidon. Namba ni ile ile.