Mbuzi Kavuka? Kuchagua na Kufundisha Vitabu vya Hadithi Shuleni

Paukwa! Mtoto aliyelelewa huku Tanga, Ngamiani, Tongoni au Pangani, anajua cha kujibu, na akishasema "Pakawa" yumo ndani ya hadithi mpaka iishe. Bibi aliyekuwa akisimulia hakumkatiza katikati kumuuliza dhamira. Funzo lilikuwamo, tena pengine chungu, lakini mtoto alilikuta mwenyewe njiani.

Mimi ni mkutubi wa sehemu ya watoto, na moja ya kazi zangu ni kuwasaidia walimu kuchagua vitabu vya hadithi. Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la tatu katika shule moja hapa jijini Tanga. Mwalimu alikuwa akisoma hadithi ya mtoto aliyepotelewa na mbuzi wa jirani. Alisoma vizuri, sauti ikipanda na kushuka, na watoto wametulia tuli. Mbuzi alipofika ukingoni mwa mto uliofurika, mwalimu akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani, akauliza: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mikono ikapanda. Tusiibe. Tutunze mali ya watu. Tuwatii wazazi. Msichana mmoja wa dawati la mbele hakunyoosha mkono. Aliuliza tu, "Mwalimu, mbuzi kavuka?" Akaambiwa ajibu swali kwanza. Kengele ikalia hadithi haijaisha.

Yule mwalimu hakuwa mzembe. Alifanya alivyofundishwa, na alivyofanyiwa alipokuwa mwanafunzi. Lakini sijaona kitu kinachowafukuza watoto vitabuni kuliko hicho, na ndiyo sababu naandika. Swali la funzo lina mahali pake, nalo ni baada ya mbuzi kuvuka.

Tuanze na kuchagua. Ombi langu la kwanza kwa mwalimu ni dogo na gumu: kisome kitabu chote kabla ya mwanafunzi. Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, ikieleza kwamba vinakwenda kinyume na maadili, mila na desturi zetu. Watu walibishana sana juu ya yaliyomo. Mimi nilibaki na swali jingine: katika shule zilizokuwa na vitabu hivyo, ni watu wazima wangapi walikuwa wamevisoma hadi ukurasa wa mwisho? Vitabu vya ziada vina utaratibu wa kupata ithibati, yaani kibali rasmi, ya Kamishna wa Elimu, na ni vema kuuliza kama kitabu kinayo. Hata hivyo ithibati haimjui mtoto aliyekaa mbele yako. Wewe unamjua.

Kusini mwa jiji letu, Vibambani huko Machui, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Wengi wanamjua kwa riwaya na insha. Mimi huwakumbusha walimu tenzi mbili alizowatungia watoto wake mwenyewe: Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Ni wasia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo asije mtu akadhani napinga kumwasa mtoto kwa maandishi. Ila mshairi yule alimjua anayesema naye. Kabla ya wasia wenyewe anamwita binti aje akae. Nawe unaposhika kitabu dukani, mkalishe mtoto mmoja mbele yako: yule ambaye baba yake huingia baharini na ngalawa usiku, au yule aliyehamia kutoka Lushoto, ambaye nyumbani kwao bado wanasema Kisambaa. Je, huyu atataka kufungua ukurasa wa pili?

Kuhusu lugha, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Ulimi wako ukijikwaa, wa mtoto utaanguka. Vitabu vya tafsiri vichunguzwe zaidi, maana vingine vina maneno ya Kiswahili lakini havisemi Kiswahili. Nimekutana na mhusika "aliyechukua basi" kwenda shuleni. Mtoto mmoja akaniuliza alilipeleka wapi. Kwa anayejisomea mwenyewe kuna kanuni ya vidole vitano: afungue ukurasa wowote, akunje kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado ni kizito kwake. Msomee wewe, au kisubiri mwaka ujao. Kanuni hiyo iwahusu hata waandishi tunaowaenzi. Kumpa mtoto wa darasa la nne riwaya ya watu wazima kwa sababu mwandishi ni fahari ya Tanga ni njia ya kumfanya amkimbie mwandishi huyo maisha yake yote.

Picha nazo zisomwe. Mtoto wa darasa la kwanza husoma picha kabla ya herufi, na picha ikisema jambo tofauti na maneno ataiamini picha. Siwakatazi theluji na majumba ya mbali. Mtoto ana haki ya kusafiri. Lakini kabati lote likiwa theluji, bila mkonge, bila dau, bila mama aliyejifunga kanga, mtoto atajifunza kwamba vitabu ni vya watu wengine. Hatuna tena sababu ya kusema vya kwetu havipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza nchini mwaka 1991, ukasaidia kutoa vitabu vingi vya Kiswahili vilivyoandikwa na kuchorwa hapa hapa, na siku hizi Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kipengele cha hadithi za watoto.

Wanaotutia hofu zaidi ni wale wakubwa, wa darasa la sita hadi kidato cha nne. Mzazi hunijia na kitabu mkononi: "Humu mna mimba, mna dawa za kulevya, mna baba mlevi. Mwanangu asome haya?" Namwelewa. Lakini mtoto huyo anapita mtaani kila siku na kuwaona mateja. Tusidhani ni kitabu kilichomwonyesha. Kitabu kinachoyasema mambo hayo kwa ukweli na staha nitakitetea mbele ya kamati yoyote ya shule. Nisichokitetea ni kitabu kinachodhulumu. Chukua hadithi za wasichana waliopata mimba shuleni, ambazo ziko tele. Katika nyingi msichana hufa, au hufukuzwa na hasikiki tena, na mwanamume aliyempa mimba hana hata jina. Huko ni kumwadhibu mmoja na kumsitiri mwingine, na wavulana darasani wanaliona hilo upesi. Tena zimepitwa na wakati: tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya mfumo rasmi. Kama hadithi unayofundisha inaishia getini, anza mazungumzo hapo hapo. Waulize angerudije, nani angembebea mtoto, mwalimu mkuu angemwambia nini. Na wazazi waitwe kabla ya kitabu kuanza kusomwa, waelezwe kinachokuja.

Sasa darasani. Najua hali: wanafunzi hamsini, nakala nne. Basi soma kwa sauti, dakika kumi kila siku, saa ile ile, na usome mpaka mahali patakapowafanya wagunegune ukifunga. Si darasa la kwanza peke yake. Kidato cha pili nao husikiliza. Wakati wa kusoma usiulize swali lenye jibu moja. Uliza, "Ungekuwa wewe?" na unyamaze. Ukimya wa darasa humtisha mwalimu, lakini humo ndimo mtoto anamofikiri.

Sekondari kuna ugonjwa wake, nao ni miongozo. Wanafunzi hutoa kopi za uchambuzi, wakakariri dhamira tano na wahusika watatu, wakaingia kwenye mtihani bila kufungua riwaya yenyewe. Siwalaumu peke yao, maana mara nyingi nakala ya riwaya haipo na kopi ipo. Fani na maudhui vifundishwe, mtihani utavitaka. Ila vifundishwe kutoka katika sentensi ambazo darasa limezisikia. Mwanafunzi aliyechekeshwa na tashtiti, yaani kejeli, ya mwandishi hahitaji kukariri maana ya tashtiti. Wiki mbili za kwanza za kila kitabu ziwe za kusoma tu, bila notisi ubaoni.

Na nakala nne hizo zisifungiwe ofisini eti zisichafuke. Huku pwani unyevu na mchwa vitazila humo humo kabatini, bila msomaji hata mmoja. Weka sanduku darasani, daftari la kuazima, na mwanafunzi mmoja wa kuandika. Kitabu kikirudi kina doa la embe au kurasa zimechomoka, usimgombeze mtoto wala kumtoza. Gundi, uzi na karatasi ya kaki vinatosha, na darasa la tano wanaweza kujifunza kushona jalada kwa alasiri moja.