Nukuu, h na orodha ya asilimia 2: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Mtafiti mwenye h ya 40 ni bora kuliko mwenye h ya 15.

Fahirisi ya h ni idadi ya makala za mtafiti ambazo kila moja imenukuliwa na makala nyingine angalau mara hiyohiyo. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ihesabu kwa mkono uione ilivyo. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme zimenukuliwa mara 120, 45, 9, 6, 5 na 3. Shuka ukilinganisha nafasi na nukuu: ya tano ina 5, inatosha; ya sita ina 3, haifiki. Basi h ni 5. Sasa ile ya kwanza ipande kutoka 120 hadi 3,000. h inabaki 5 vilevile. Kazi moja iliyogeuza tiba ya ugonjwa mzima haionekani humo.

Tena h kwa kawaida haishuki, kwa hiyo mkongwe aliyeacha kuandika miaka kumi iliyopita bado humzidi kijana anayechapisha kila mwaka. Fani nayo ina mkono wake. Saratani na magonjwa ya moyo yana watafiti wengi na majarida mengi, na wananukuliana kwa kasi. Uuguzi na afya ya kinywa zina hadhira ndogo. Kuwashindanisha kwa h ni kupima maziwa kwa futikamba. Ukilazimika kulinganisha, tafuta kipimo kilichosawazishwa kwa fani, mwaka na aina ya makala: 1.00 ni wastani wa dunia, 1.50 ni asilimia 50 juu ya wastani huo. Hata hicho kina mtego: mwenye makala 8 tu hupandishwa na moja iliyovuma.

Halafu kuna waandishi wenza. Tafiti za Mzigo wa Magonjwa Duniani huwa na mamia ya majina, na jina la mia mbili huhesabiwa nukuu zote sawasawa na la kwanza.

Dhana: Idadi ya nukuu ni moja.

Inategemea umehesabia wapi. Google Scholar, injini ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, hujumlisha tasnifu, ripoti na makala ambazo hazijapitiwa na wataalamu. Hifadhidata za Scopus na Web of Science huhesabu kwenye majarida waliyoyachagua tu. Ndiyo maana idadi ya Google karibu kila mara huwa kubwa zaidi. Kosa linaloudhi zaidi ni la majina. Kina A. Juma ni wengi, na wasifu wa Google Scholar ulioachwa ujiongezee makala wenyewe utazoa za mwingine. Weka mpangilio wa kukutumia barua pepe kwanza uidhinishe, futa zisizo zako, na tumia ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, kila unapowasilisha makala.

Dhana: Jarida lenye kipimo kikubwa cha athari (impact factor) lina makala bora zote.

Kipimo hicho, kilichotokana na wazo la Eugene Garfield, ni wastani: nukuu za mwaka huu kwa yaliyochapishwa miaka miwili iliyopita, zikigawanywa kwa idadi ya makala za miaka hiyo. Wastani huburutwa na wachache. Jarida la Acta Crystallographica A liliruka kutoka takriban 2 hadi karibu 50 kwa mwaka 2009, kwa sababu ya makala moja kuhusu SHELX, programu ya kuchanganua miundo ya fuwele. Makala nyingine za jarida hilo hazikuwa zimebadilika hata chembe.

Dhana: Iliyonukuliwa sana ni sahihi.

Makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilifutwa na jarida la tiba la Lancet mwaka 2010. Imenukuliwa kwa wingi, mara nyingi kwa kukanushwa. Kaunta haijui tofauti.

Dhana: Chuo Kikuu cha Stanford humtunuku mtu kuwa kwenye orodha ya asilimia 2 bora ya wanasayansi duniani.

Hakuna tuzo, hakuna maombi. John Ioannidis, profesa wa Stanford, na wenzake huchakata data za Scopus na kupanga watu ndani ya fani ndogo 174. Alama yao huchanganya vipimo sita, vikiwemo nukuu za makala ulizoandika peke yako au ukiwa wa kwanza au wa mwisho, na hutolewa pamoja na bila kujinukuu. Majedwali ni mawili, la maisha yote ya kazi na la mwaka mmoja; matangazo mengi ya pongezi hayasemi ni lipi.

Kwenye wasifu, andika chanzo na tarehe kando ya namba: "h = 14 (Scopus, 3 Machi 2025)".