Ayoni ni kiendacho

Jana kwenye steji ya matatu hapa Kisumu nimemsikia tena muuza maji ya chupa akiwaambia abiria kwamba maji yake yana ayoni, na kwamba ayoni "ni stima ya mwili, inapita kwa mishipa kama kwa waya." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanunua chupa mbili.

Ayoni ni atomu, au kundi la atomu, iliyopoteza au kuongezewa elektroni (chembe ndogo mno zenye chaji hasi), hivyo ina chaji ya umeme. Basi.

Jina lenyewe lina mengi zaidi. Michael Faraday wa Uingereza alipitisha umeme katika vimiminika, akaona vitu vikitengana, vingine vikielekea ncha hii, vingine ile. Mwaka 1834, kwa msaada wa msomi William Whewell, akalichukua neno la Kigiriki lenye maana ya "kiendacho". Anayoni, ayoni yenye chaji hasi, ni kipandacho; katayoni, yenye chaji chanya, ni kishukacho. Ayoni ni msafiri mwenye chaji, wala si stima yenyewe.

Na huenda wapi? Hapa ndipo mfano wa waya unapotupotosha. Ngisi wa baharini ana neva, yaani mshipa wa kupitisha ishara mwilini, nene ya kuonekana kwa macho, hadi takriban milimita 1. Ikitulia, ndani yake kumejaa ayoni za potasiamu na nje ayoni za sodiamu. Ishara ikifika, vijilango vya utando unaoifunika hufunguka, sodiamu ikaingia. Punde potasiamu hutoka na hali ikatulia. Mwaka 1949 Alan Hodgkin na Bernard Katz walipunguza sodiamu katika maji yaliyoizunguka neva hiyo: ishara ikafifia. Walipoirudisha, ikapanda tena.

Kwa hiyo ayoni huvuka utando papo hapo zilipo. Hazikimbii neva nzima toka mwanzo hadi mwisho. Kinachosafiri ni kule kuvuka, kipande kikiamsha kipande. Ni kama nduru ya usiku kijijini: aliyeipiga haondoki bomani kwake, ila jirani akisikia hutoka mlangoni akapiga yake, mpaka ng'ambo ya mto wakajua. Katika neva ya ngisi nduru hiyo huenda kama mita 20 kwa sekunde, mwendo wa matatu kwenye barabara kuu. Waya wa stima hauna subira hiyo.

Ndugu yangu wa steji, maji yako yana ayoni kweli, na ya mfereji pia yanazo, kwani chumvichumvi zikiyeyuka majini huwa ayoni. Waambie tu ni maji yenye madini, na yule mama atajua analipia nini.